Tovuti Inapokataa: Namna ya Kuandika Ujumbe Unaosaidia

Mwanafunzi aliyemaliza kidato cha sita huteremka kutoka Marangu au Kibosho hadi Moshi mjini, akajaza maombi ya chuo katika steshenari yenye intaneti. Aandikapo namba yake ya mtihani wa kidato cha nne, tovuti humjibu: "Kosa! Taarifa batili." Je, afanye nini? Ujumbe huo haumwambii. Siku ya mwisho ikipita, nafasi imempotea, ingawa sifa anazo.

Kompyuta zenyewe huarifiana kwa namba. Kanuni za HTTP, ambazo toleo lake la 1.0 lilichapishwa mwaka 1996, huyapanga majibu ya seva kwa tarakimu ya kwanza. Namba inayoanza na 4 huonyesha kasoro katika ombi la mtumiaji. Kwa mfano, 404 maana yake ni kwamba kilichoombwa hakikupatikana. Inayoanza na 5 huonyesha kuwa seva ndiyo iliyoshindwa. Katika hali ya kwanza mtumiaji huweza kusahihisha ombi lake. Katika ya pili hana budi kungoja. Mwandishi wa tovuti anapaswa kumfasiria tofauti hiyo.

Ujumbe ufaao hutimiza mambo matatu: hutumia lugha nyepesi, hutaja hasa penye kasoro, na huonyesha njia ya kusahihisha. Kwa mfano: "Namba ya mtihani haijakamilika. Andika herufi S na tarakimu nne za kituo, tarakimu nne za mtahiniwa, kisha mwaka. Mengine uliyojaza yamehifadhiwa."

Kiswahili nacho kinadai uangalifu. Neno "kosa" lina maana ya hitilafu, na pia ya hatia. Aambiwaye "umekosa" huweza kudhani kuwa analaumiwa, au hata kwamba amenyimwa nafasi, kumbe seva ndiyo iliyozidiwa. Ni heri kulitaja jambo lenyewe.

Hata hivyo, pana mahali ambapo ukimya kidogo hufaa. Nywila isipolingana na jina la mtumiaji, tovuti isiseme ni lipi kati ya hayo mawili lisilo sahihi, kwani mwizi atapata fununu.

Walimu waweza kuwapa wanafunzi zoezi hili: wakusanye jumbe tano za namna hii kutoka katika simu, kisha waziandike upya kwa kufuata mambo hayo matatu.