Mashine inayotafuta mawe ya Manono: wamama tuulize nini?



Siku hizi neno "akili bandia" linasikika kila mahali, redioni na kwenye simu za watoto wetu. Wengi kati yetu tunasema: hayo ni mambo ya Ulaya na Marekani, sisi tuna shida ya mikebuka kupanda bei na ya kulipa masomo. Lakini akili bandia imekwisha kuingia katika jimbo letu la Tanganyika. Haikuanzia shuleni wala katika ofisi za gavana. Imeanzia chini ya ardhi, kule Manono. Kwa hiyo inafaa tuijue, kwa sababu ardhi hiyo ndiyo tunayolima.

Kwanza, ni kitu gani? Ni programu ya kompyuta inayofundishwa kwa mifano mingi. Mtoto wa mwaka wa kwanza ukimwonyesha herufi "a" siku kwa siku, ubaoni na kwenye daftari, mwishowe anaitambua hata ikiandikwa vibaya. Mashine nayo inajifunza hivyo, ila inahitaji mifano elfu na elfu. Haielewi kama mtoto anavyoelewa. Inahesabu tu kitu gani kinafanana na kingine. Ukiipa mifano mibaya, itatoa majibu mabaya bila haya.

Sasa tuje kwa Manono. Kuna kampuni ya Marekani inayoitwa KoBold Metals, iliyoanzishwa mwaka wa 2018. Kati ya matajiri wanaoitegemeza kwa pesa kuna Bill Gates na Jeff Bezos. Kazi yake ni kutafuta madini kwa msaada wa akili bandia. Tarehe 17 mwezi wa saba 2025, kule Kinshasa, kampuni hiyo ilitia sahihi mapatano ya mwanzo pamoja na serikali yetu. Mwezi uliofuata ikapata ruhusa zake za kwanza za kutafuta lithiamu, na nyingine ziko katika teritware ya Manono.

Lithiamu ndiyo inayowekwa katika betri za simu na za magari ya umeme. Manono ni mojawapo ya mahali penye lithiamu nyingi sana duniani. Ndiyo maana wakubwa wanapagombania. Kampuni ya AVZ kutoka Australia ina mabishano na serikali yetu juu ya mgodi huo, na mabishano yamefika mbele ya waamuzi wa nchi za nje. Upande wa kaskazini-mashariki uko mikononi mwa kampuni ya China, Zijin, ikishirikiana na kampuni ya serikali, Cominière.

Mashine inatafutaje jiwe isiloliona? Inapewa ramani za zamani, picha za setilaiti, vipimo vilivyochukuliwa na ndege, na maandishi ya mashimo yote yaliyowahi kutobolewa. Halafu inalinganisha: mahali palipopatikana lithiamu palikuwa na alama gani? Ni wapi pengine penye alama kama hizo? Kisha wataalamu wa mawe wanakwenda kutoboa na kuhakikisha. Zambia, kule Mingomba karibu na Chililabombwe, KoBold ilifanya hivyo kwa shaba. Tusidanganyike, shaba ya Mingomba ilijulikana kuwepo tangu zamani. Mashine ilisaidia watu kujua zaidi ukubwa wake na umbo lake. Haikufanya muujiza, ilipunguza kubahatisha.

Hapo ndipo tuangalie vizuri. Maandishi mengi ya zamani juu ya ardhi ya Kongo hayako Kalemie wala Lubumbashi. Yako Ubelgiji, katika jumba la makumbusho la Tervuren, tangu wakati wa ukoloni. Mapatano ya 2025 yanataja pia kazi ya kuyageuza maandishi hayo ili kompyuta iweze kuyasoma. Wamama, ramani hizo zilichorwa juu ya ardhi ya wababu zetu, na kwa jasho lao pia. Kwa hiyo swali letu la kwanza ni hili: maandishi hayo yakiisha kuingizwa katika kompyuta, nani ataweza kuyasoma? Ni kampuni moja peke yake, ama pia wanafunzi wetu wa Chuo Kikuu cha Kalemie? Zamani mali ilikuwa ni jiwe lenyewe. Leo hata habari juu ya jiwe ni mali.

Sisi watu wa jimbo hili si wageni katika mambo ya kampuni. Manono ilichimbwa bati tangu wakati wa Wabelgiji na kampuni ya Géomines. Bwawa la Mpiana-Mwanga lilijengwa juu ya mto Luvua ili mitambo ipate umeme. Katika miaka ya 1980 kazi ya kampuni ilisimama. Yakabaki majengo yaliyochakaa, mashimo yaliyojaa maji, na watu wanaochimba kwa mikono. Hapa Kalemie vilevile, wazee wanakumbuka Filtisaf na kengele yake ya kazi. Kampuni huja na huenda. Kinachobaki ni kile ambacho watu walikidai ingali ipo.

Sheria inatupa haki ya kudai. Sheria ya migodi iliyorekebishwa mwezi wa tatu 2018 inasema wazi kuhusu ile kodi ambayo mgodi unalipa juu ya madini yanayouzwa. Tuseme ni dola 100: 50 zinakwenda kwa serikali ya Kinshasa, 25 kwa jimbo, 15 kwa mji, sekta ama utemi wa mahali penye mgodi, na 10 zinawekwa katika mfuko wa vizazi vijavyo. Mbali na hiyo, kampuni inayochimba inapaswa kutoa angalau 0,3 kwa mia ya mauzo yake ya mwaka kwa ajili ya maendeleo ya wenyeji. Ndiyo kusema dola 3 kwa kila dola 1.000. Inaonekana ni kidogo. Lakini mgodi ukiuza kwa dola milioni 100, hizo ni dola 300.000 kila mwaka. Hesabuni wenyewe ni visima vingapi, ni vyumba vingapi vya kuzalia, ni madarasa mangapi.

Pesa hizo hazianzi kutoka wakati wa kutafuta. Zinaanza wakati wa kuchimba na kuuza. Na hapa ndipo akili bandia inabadilisha mambo. Zamani kutafuta kulichukua miaka mingi, na watu wa kijiji walikuwa na wakati wa kujua, kuuliza na kujipanga. Mashine ikifupisha kutafuta, inafupisha pia wakati wetu wa kujitayarisha. Kampuni itakuja mezani na ramani, hesabu na wanasheria. Sisi tutakuja na nini?

Kwa upande wa wanawake hatari ni kubwa zaidi, na sababu zake zinajulikana. Mwanamke analima shamba ambalo halina karatasi kwa jina lake. Shamba likiharibiwa kwa ajili ya mgodi, sheria inadai fidia ya haki. Lakini mara nyingi fidia inamfuata yule anayejulikana na chifu kuwa mwenye shamba, na huyo ni mume ama shemeji. Tena kule Manono kuna wamama wanaoishi kwa kuosha na kuchambua kasiterite na koltani. Sheria inawatambua wachimbaji wadogo wakiwa katika kooperative na katika maeneo yaliyotengwa kwa ajili yao. Mama asiye na kadi ya kooperative, kampuni ikifika, ataambiwa tu: ondoka hapa.

Na kazi zenyewe? Kutafuta kwa mashine hakuhitaji mikono mingi. Kunahitaji watu wachache waliosoma hesabu, mawe na kompyuta. Tuangalie pia majirani zetu wa Kenya. Mwezi wa kwanza 2023, gazeti la Marekani Time lilifunua kwamba vijana wa Nairobi, wakifanya kazi kwa kampuni ya Sama, walikuwa wakisoma maandishi machafu ya mauaji na ubakaji ili kuifundisha ChatGPT kuyatambua. Walilipwa chini ya dola 2 kwa saa, na wengine walisema kazi hiyo iliwaumiza rohoni. Kwa hiyo akili bandia inaleta kazi kweli, lakini kazi ya aina gani, kwa mshahara gani, hilo linategemea nani anajua kuuliza kabla ya kutia sahihi.

Nikiwa mwalimu, nasema hili kwa wazazi wote. Tunapochagua sehemu ya masomo kwa binti zetu, mara nyingi tunasema hesabu ni za wavulana. Msichana tunampeleka kwenye ushonaji ama ualimu, hata kama alama zake za hesabu zinapita za kaka yake. Ushonaji ni kazi nzuri, na ualimu ndio ulionilea. Lakini kama hakuna binti hata mmoja wa Tanganyika anayejua kusoma ramani ya mawe, basi kesho atakayetuelezea ardhi yetu ni yule anayeitaka.

Basi, tufanye nini? Si kupigana na mashine. Chama chetu kinaweza kuanza na mambo manne.

La kwanza, karatasi za mashamba. Kila mama anayelima akamwone chifu wa kijiji na aombe hati yenye jina lake, na mipaka iandikwe pamoja na majirani kama mashahidi.

La pili, viti. Katiba yetu katika kifungu cha 14, na sheria ya tarehe 1 mwezi wa nane 2015, zinasema mwanamke na mwanaume wawe sawa katika kazi za uongozi. Kamati yoyote inayokaa na kampuni kuzungumza juu ya visima, shule na barabara, tudai wanawake wawemo. Tena wawe wenye kuuliza, si wenye kupika chakula cha mkutano tu.

La tatu, kujua mipaka. Ofisi ya kadastre ya migodi ndiyo inayoandika ruhusa zote za kutafuta na za kuchimba, na ramani yake inaweza kuonwa kwenye intaneti. Kijana mmoja mwenye simu nzuri anaweza kutuonyesha kama kijiji chetu kimo ndani ya ruhusa ya mtu.

La nne, binti. Mwaka huu wa shule, mama mwenye binti anayependa hesabu asimkatishe tamaa.

Ndugu zetu wa Manono wameguswa kwanza. Lakini pesa ya jimbo inapitia hapa Kalemie, na maamuzi ya jimbo yanachukuliwa hapa. Katika mkutano wetu ujao, kila mama aje na swali moja juu ya jambo hili, hata akiliandika kwa Kitabwa ama Kiluba. Tutayakusanya yote katika barua moja na kuipeleka kwa wale wanaotuwakilisha katika baraza la jimbo.