Picha ya punda wa Lamu haionyeshi yote

RUBAVU — Mchuuzi wa Kanzenze anayefunga gunia la viazi kwenye baiskeli kuelekea Gisenyi hahitaji kuelezwa kazi ya punda wa Lamu, pwani ya Kenya.

Mji Mkongwe wa Lamu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001. Vichochoro vyake ni vyembamba mno kwa magari, hivyo mchanga, saruji na mawe ya kujengea hupita ndani ya shogi, mgongoni mwa punda. Wapiga picha humpenda akiwa mbele ya mlango wa nakshi. Kidonda kilicho chini ya shogi hakionekani sana pichani. Vidonda hivyo hutibiwa bure na kliniki ya Donkey Sanctuary, iliyoanzishwa mjini humo mwaka 1987.

Tishio kubwa zaidi limetoka mbali. Huko China, ngozi ya punda huchemshwa kutengeneza ejiao, dawa ya asili. Machinjio yalipofunguliwa Kenya kuanzia 2016, bei ilipanda na wizi wa punda ukaongezeka, hadi serikali ikatangaza kuyafunga mwaka 2020. Februari 2024, viongozi wa Umoja wa Afrika walikubaliana kusitisha kwa miaka 15 uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi.

Kwa wanaovuka mipaka na bidhaa, hesabu ni nyepesi: ngozi huuzwa mara moja, lakini punda aliye hai hubeba mzigo wa familia kwa miaka mingi.