Mimba si ugonjwa, ila ina walezi wengi

Muhula uliopita, mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili, ambaye ni mwalimu wa shule ya upili, alinijia kuomba aongezewe muda wa kuwasilisha tasnifu. Alikuwa na mimba ya miezi saba. Shuleni kwake alikuwa ametwikwa vipindi vya mwenzake aliyehama, juu ya vyake mwenyewe. Alipolalamika, alijibiwa kwa maneno matatu tu: "Mimba si ugonjwa."

Kwa kuwa kazi yangu ni kuchunguza maneno, nimeyatafakari hayo tangu siku ile. Kisarufi, sentensi hiyo haina dosari. Kimaana, ni kweli tupu. Hata hivyo, ukweli nao waweza kutumiwa kudhulumu. Aghalabu anayeutamka hakusudii kumtia mja mzito moyo, bali kumnyamazisha.

Mwili wa mja mzito una kazi kubwa. Mfumo wake wa kinga hauna budi kujirekebisha ili usimshambulie mtoto, ambaye nusu ya urithi wake umetoka kwa baba, na papo hapo uendelee kupambana na maradhi. Mtu anapoandamwa na hofu, mwili wake hutoa homoni iitwayo kotisoli. Kondo la nyuma huvunja sehemu kubwa ya homoni hiyo kabla haijamfikia mtoto. Lakini msongo wa mawazo usiokoma huweza kuitatiza kinga ya mama, pamoja na bakteria wanaoishi katika utumbo wake.

Wengi wetu tusikiapo neno "bakteria" hufikiria maradhi. Kumbe wako walio wafadhili wetu. Bifidobakteria, kwa mfano, humeng'enya sukari fulani za maziwa ya mama ambazo mtoto mwenyewe hana uwezo wa kuzimeng'enya, na huisaidia kinga yake changa kukomaa. Wengi wa bakteria wake wa kwanza mtoto huwapata kwa mama, wakati wa kuzaliwa na baadaye.

Mnamo 2004, watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, walitoa matokeo ya uchunguzi wa tumbili wenye mimba walioshtuliwa kwa kelele kwa muda wa majuma 6. Watoto wao walikuwa na bifidobakteria na laktobasili wachache kuliko watoto wa tumbili walioachwa watulie. Mwaka 2015, watafiti wa Uholanzi walieleza hali inayoshabihiana na hiyo miongoni mwa binadamu: watoto ambao mama zao walikuwa na msongo mkubwa wakati wa mimba walikuwa na uhaba wa bakteria hao, na walielekea kusumbuliwa zaidi na tumbo na mizio.

Isidhaniwe kwamba nawatisha akina mama. Uhusiano si hukumu. Si kila mama aliyehangaika huzaa mtoto dhaifu. Chakula, namna ya kujifungua, unyonyeshaji na dawa za viuavijasumu vyote vina athari kwa bakteria hao. Isitoshe, kumwambia mja mzito "usiwe na mawazo" ni kumwongezea jambo la kuwaza. Swali la haki ni hili: mawazo hayo kayaleta nani?

Kila mwaka tunawafunza wanafunzi methali isemayo "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo," kana kwamba malezi huanza siku ya kuzaliwa. Ilhali Kiswahili kina usemi "kulea mimba". Mimba hulelewa, na mlezi si lazima awe mmoja. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama likizo ya miezi 3 kwa mshahara kamili. Lakini wengi huiweka hadi wakaribie kujifungua, na miezi inayotangulia huachiwa hekima ya mume, mwalimu mkuu na hata mhadhiri kama mimi. Msichana mwenye mimba anayebaki darasani huku wenzake wakimcheka naye yumo katika malezi yetu, tukijua tusijue.

Mwanafunzi wangu nilimwongezea muda alioomba. Halikuwa jambo kubwa; lilihitaji sahihi moja tu. Anayepanga ratiba ya vipindi vya muhula ujao naye ana kalamu mkononi. Kabla hajatamka kwamba mimba si ugonjwa, na ajiulize ni vipindi vingapi anavyoweza kumpunguzia mwenzake.