Gemu ni ya Mtoto, PIN ni Yako

Mechi ikiisha pale Camp Toyoyo, Jericho, watoto hurudi nyumbani kuomba simu ya mama wacheze eFootball au Free Fire. Kupakua gemu hizi ni bure. Kinachouzwa ni koini na almasi za ndani ya gemu.

Ukilipa kwa pesa za simu, ombi la malipo litatokea kwenye skrini yako. Soma jina la anayelipwa na kiasi, halafu ndio uweke PIN. Kama hukuagiza kitu, kataa.

Lakini ukiwa umehifadhi kadi ya benki kwa Play Store, PIN hiyo haitaulizwa. Ingia Mipangilio ya Play Store, uwashe uthibitishaji wa ununuzi, ili kila malipo yaombe nywila au alama ya kidole chako.

Chunga pia linki za “almasi za bure” kwa magrupu. Programu kama hiyo, ukiiruhusu isome SMS zako, itaona hata kodi za siri unazotumiwa. Usiiweke kwa simu. Umeshaiweka? Ifute, ubadilishe PIN, kisha upigie huduma kwa wateja sasa hivi, usingoje kesho.