Boti Iliyolala Mchangani: Pesa Kidogo Ianzie Wapi?

(Muziki wa kipindi. Unapungua polepole.)

MTANGAZAJI: Kipindi hiki ni cha watu wa kando ya Ziwa Tanganyika, iwe Uvira, Baraka, Kalemie, Rumonge au Kigoma. Leo tunazungumza na mwenye boti ya mbao iliyokaa miaka ufukweni bila kazi, anayetaka kuirudisha majini, na mfukoni hana kitu cha kutosha.

Kwenye fukwe zetu boti si anasa. Mvua ikikata barabara, boti ndiyo basi na ndiyo soko. Mama akishikwa na uchungu usiku, boti ndiyo gari la wagonjwa. Kwa hiyo boti iliyolala upande, majani yameota ndani yake, inauma kuitazama. Nyingine mashine ilikufa na pesa ya vipuri haikupatikana. Nyingine ziliachwa wenyewe walipokimbia vita kuvuka ziwa, na wengine wao bado wako kambini Nyarugusu, upande wa Tanzania.

Hapo ndipo kazi inapoanzia, kabla ya nyundo. Boti ni ya nani? Kama mwenyewe alikimbia, boti haijawa ya aliyeikuta. Mtafute yeye au ndugu zake kupitia wazee wa kijiji na kiongozi wa mwalo. Andikeni karatasi mbele ya mashahidi: nani ana boti, nani analeta pesa za matengenezo, mapato yatagawanywaje, na mwenyewe akirudi atairudishiwaje. Karatasi hiyo hugharimu kalamu tu, na boti isiyo na karatasi huzaa ugomvi siku ile ile inapoanza kuingiza faida.

Sasa tuingie kwenye mbao. Watu wengi huanza na rangi kwa sababu inaonekana na inamfurahisha kila apitaye. Wengine hukimbilia mashine. Sisi tunasema: faranga ya kwanza iende chini ya boti, mahali abiria hapaoni.

Isafishe boti, toa mchanga na majani yote, kisha chukua nyundo ndogo na bisibisi. Gonga ubao mmoja baada ya mwingine. Mti mzima hujibu kwa sauti kavu. Uliooza husikika kama unagonga gunia. Pale penye sauti nzito, choma kwa bisibisi. Ikizama bila kutumia nguvu, ubao huo umekwisha. Pekua zaidi kwenye mkuku, yaani ule mti mrefu wa chini unaobeba boti nzima, kwenye miguu ya mbavu ambapo maji ya mvua hutuama, na kwenye ubao wa nyuma unaobeba mashine. Ubao huo wa nyuma ukiwa umeoza, mashine itang'oka siku ya mawimbi na kwenda chini na pesa zako zote.

Kama mkuku wenyewe umeoza sehemu kubwa, tunakushauri uache. Ndiyo, inauma. Lakini mkuku mpya ni karibu sawa na boti mpya, na fundi anayekuahidi kuuviraka kwa bei rahisi anakuuzia hatari. Toa mbao nzima, toa misumari inayofaa, tunza mashine, na uanze upya kidogo kidogo.

Mkuku ukiwa mzima, usikimbilie kununua pamba na lami kwa kila ufa unaouona. Mti uliokaa juani hukauka na kusinyaa, na maungio hufunguka hata mwanga ukapita. Nyufa nyingi za namna hiyo hujifunga zenyewe mti ukinywa maji. Tandika magunia mabichi ndani ya boti, yamwagie maji asubuhi na jioni kwa siku tatu au nne. Kisha itegemeze vizuri kwa magogo pande zote, umimine maji ndani yafike kwenye vifundo vya miguu, yasizidi hapo: maji ya mita moja ya ujazo yana uzito wa kilo 1,000 na yanaweza kuipasua boti iliyo nchi kavu. Zunguka nje na chaki, weka alama kila panapodondoka tone. Hizo alama ndizo orodha yako ya kununua. Mara nyingi huwa fupi kuliko ulivyoogopa.

Mwaga maji, acha pakauke. Kwenye alama, toa pamba ya zamani yote, usizibe juu yake. Sokota pamba mpya, ipake mafuta, uishindilie kwa nyundo na patasi butu mpaka ikae imara, halafu acha. Fundi mwenye haraka huipiga mpaka isiingie tena. Mti ukivimba majini, pamba iliyozidi husukuma mbao na kung'oa misumari. Misumari nayo iwe ile iliyopakwa zinki. Ya kawaida ni rahisi dukani, lakini hushika kutu ndani ya mti, na kutu hiyo huozesha mti kuizunguka. Kiraka cha bati juu ya ubao mzima uliopasuka kinasaidia kukufikisha nyumbani. Juu ya ubao uliooza kinauficha uozo tu.

(Muziki mfupi.)

Tuje kwenye mashine. Watu wa ziwa hili wana mfano wao wenyewe. Meli ya Liemba, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913 na kuunganishwa upya Kigoma, ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwezi wa Julai 1916 isitekwe. Kabla ya kuizamisha, mafundi wao walizipaka injini zake grisi nzito. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena. Grisi ilizilinda injini zile chini ya maji kwa miaka. Mashine yako, iliyowekwa kavu juu ya nchi, inaweza kuwa imeharibika zaidi yake.

Kwa hiyo usivute kamba ya kuwashia. Hilo ndilo kosa linalovunja mashine nyingi zilizolala. Fungua plagi, mimina kijiko cha oili katika kila silinda, acha ilale usiku mmoja. Asubuhi izungushe kwa mkono, taratibu. Ikikataa, ongeza oili na subiri siku nyingine, usilazimishe. Ikizunguka, mwaga petroli yote ya zamani, safisha kabureta, kagua mipira ya kupitishia mafuta kama imepasuka. Fungua skrubu ya chini, penye gia: oili ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yameingia, na mpira wa kuzuia maji lazima ubadilishwe.

Kisha nunua kipuri kimoja hata kama huna pesa ya kingine: ile feni ndogo ya mpira inayovuta maji ya kupooza mashine. Ikikaa miaka hukakamaa na kukatika mapezi, na mashine huungua. Ukiijaribu mashine, iweke ndani ya pipa lililojaa maji. Usiiwashe kavu hata kwa dakika moja. Tazama uzi wa maji unaotoka nyuma. Ukikatika, zima.

Petroli ya barabarani mara nyingi ina maji. Imimine kwenye chupa angavu, iache itulie: maji ni mazito, yatakaa chini nawe utayaona. Kuhusu oili ya kuchanganya, mashine nyingi za aina hii hutaka sehemu moja ya oili kwa 50 za petroli, yaani mililita 400 kwa dumu la lita 20. Za zamani sana hutaka zaidi, kwa hiyo soma kibandiko chake au muulize fundi anayeijua. Kupunguza oili ili kuokoa pesa ni kununua pistoni mpya.

Kwa nini tunasisitiza hivi? Ziwa hili lina kina cha mita 1,470 pale penye kina kirefu kabisa. Mashine ikizimika katikati, hakuna nanga inayofika chini. Upepo wa kusini-mashariki wa kiangazi huigeuza boti ubavu kwa mawimbi, na hapo ndipo maji huingia. Makasia mawili na makopo mawili ya kutolea maji viwemo ndani kila safari, hata mashine ikiwa mpya.

Siku ya majaribio usipakie watu. Ifunge boti karibu na ufuko ilale usiku mmoja majini, tupu, uone asubuhi imeingiza maji kiasi gani. Halafu pakia magunia ya mchanga: mawili ya kilo 40 uyahesabu kama mtu mmoja na mzigo wake mdogo. Ongeza taratibu mpaka ubavu uliobaki juu ya maji uwe dhiraa moja, toka kiwiko hadi ncha za vidole. Acha hapo. Hesabu magunia, gawanya kwa mawili: hao ndio abiria wako pamoja na nahodha, na idadi hiyo hiyo ndiyo ya maboya ya kuvaa unayopaswa kuwa nayo.

Ukishaipata alama hiyo, sasa nunua kopo la rangi. Piga mstari mweupe pande zote mbili pale maji yalipofika, mnene kiasi kwamba mama mwenye mtoto mgongoni, akiwa bado amesimama ufukweni, ataweza kuona kama umezama kabla hajapanda.

(Muziki wa kipindi unapanda.)