Bandari Ikipigwa na Tufani

Ndugu msomaji, wewe uliye Mbalizi utauliza: "Bahari ina nini nasi?" Kweli iko mbali, zaidi ya kilometa 800. Lakini kahawa ya Mbozi hupita mlangoni pako ikishuka pwani, na mbolea utiayo katika mahindi yako mara nyingi imevuka bahari. Basi yafaa ujue bandari huponaje ikipigwa na tufani.

Sikia habari ya Unguja. Tarehe 15 Aprili, 1872, tufani kali iliupiga mji ule. Majahazi na meli nyingi zilizama au zilitupwa pwani, na merikebu za Sultani Barghash pamoja nazo. Siku zile hapakuwa na gati la meli kubwa. Mizigo ilishushwa kwa mashua. Labda wadhani kazi ya kutengeneza ilikuwa ndogo, kununua vyombo vingine tu. Sivyo. Pigo kubwa lilikuwa shambani. Yapata theluthi mbili ya mikarafuu ya Unguja iliangamia, na meli haziji mahali pasipo na mzigo.

Tena mkarafuu si mahindi. Ukiupanda leo, wangoja miaka sita au zaidi kabla ya kuchuma. Pemba ndiyo iliyookoa mambo. Kisiwa kile hakikuguswa sana, na bei ya karafuu ilipozidi, mikarafuu ilipandwa huko kwa wingi, hata Pemba ikaipita Unguja mpaka leo. Wala tusiwasahau waliochimba mashimo yale: wengi walikuwa watumwa, wala hawakupata faida yake. Merikebu mpya ya Sultani, jina lake Glasgow, ilijengwa mwaka 1878. Waona, merikebu na mkarafuu vilikawia sawasawa!

Zamani ni zamani, utasema. Haya, tazama Beira, nchi ya Msumbiji. Usiku wa tarehe 14 Machi, 2019, kimbunga Idai kiliupiga mji huo. Baada ya siku chache bandari ilianza kazi tena, lakini barabara iendayo Zimbabwe ilikuwa imekatwa na mafuriko. Meli yaweza kushusha. Mzigo uende wapi? Nadhani hapo ndipo wengi hukosea: hutazama gati, husahau njia.

Kwetu njia hiyo ni Mlima Kitonga. Udongo ukiporomoka pale, bandari ya Dar es Salaam yaweza kuwa nzima kabisa, ikashusha mbolea mchana na usiku, nawe Mbalizi usione lori hata moja. Iko reli ya TAZARA, ni kweli, lakini mvua kubwa huiharibu hiyo nayo. Na mahindi hayangoji. Kwa hiyo mwenye uwezo na anunue mbolea ya kupandia mapema, kabla ya mvua za Novemba, aiweke juu ya mbao, mahali pakavu, mbali na ukuta.