Loki: bamvua la dakika kumi

Je, wajua kwamba boti inaweza kupanda kilima bila winchi, bila pampu na bila kuinuliwa na mtu? Karibu na mji wa Devizes, kusini mwa Uingereza, kuna mahali boti hupanda mita 72 katika umbali wa kilomita 3 na ushei. Injini huisogeza mbele tu. Kuinuka ni kazi ya maji.

Aliyekulia Unguja, Bagamoyo au Mombasa ameshaliona jambo hili, ila kwa sura nyingine. Jahazi lililolala ubavu mchangani maji yakiwa yamekupwa, baada ya saa sita linaelea lenyewe, na siku za bamvua maji hupanda zaidi ya mita 3. Mifereji ya Waingereza na sehemu za mito yao zilizo ndani ya nchi hazipati bamvua. Basi wakalitengeneza, wakalifungia kwenye sanduku la mawe, na ufunguo wake wakampa yeyote aliyekodi boti. Sanduku hilo ndilo loki.

Kila kiangazi familia nyingi hukodi boti wiki nzima: jikoni humo, vitanda humo, na haidaiwi leseni ya unahodha, maelekezo mafupi ya mwenye boti yanatosha. Kwenye mifereji boti ni nyembamba ajabu, upana mita 2 na kidogo, urefu hadi mita 22, kama basi lililobanwa mbavu. Wembamba huo ulitokana na loki zenyewe, maana za karne ya 18 nyingi zilijengwa na upana wa futi 7 tu. Mwendo ni wa mtu anayetembea haraka. Mtoto akichoka kukaa, hushuka akaifuata boti kwa miguu, na mara nyingi huitangulia.

Tuseme mnapanda. Baba yuko tezi, ameshika kana. Boti inaingia kwenye chumba chenye kuta za mawe zilizoota ukoga, juu hamwoni ila ukanda wa anga. Nyuma yenu mama na binti wanafunga milango ya chini kwa kusukuma boriti ndefu kwa makalio. Ardhini chini ya boriti pametokezwa safu za matofali, ili mguu upate pa kujikaza. Kisha binti anakimbilia mlango wa juu, anachomeka handeli ya chuma na kuzungusha. Meno ya chuma yanalia ka-ka-ka, kilango kidogo kilichozama kinainuka, na maji yanaingia kwa kishindo. Boti inavutwa huku na huku. Ukoga unashuka ukutani. Dakika chache, mnajikuta mko usawa wa nyasi, bata wanawatazama.

Hapo ndipo wageni hukosea: wanausukuma mlango wa juu na hautikisiki. Tofauti ya maji ya ndani na ya nje ikiwa sentimita 10 tu, ubawa wa mlango wenye upana wa mita 3, na maji ya kina cha mita 2, hukandamizwa kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 600 hivi. Hayo ni magunia sita ya kilo mia. Subiri maji yalingane kabisa, na mtoto wa miaka kumi ataufungua peke yake.

Siri nyingine iko kwenye umbo. Mbawa mbili za mlango zikifungwa hazinyooki, hukutana kwa pembe iliyoelekea maji yanakotoka. Kadiri maji yanavyosukuma, ndivyo zinavyobanana, na hakuna komeo lolote. Wazo hilo hunasibishwa na Leonardo da Vinci, aliyefanya kazi kwenye mifereji ya Milano mwishoni mwa karne ya 15. Loki yenyewe ni kongwe zaidi: mwaka 984 ofisa wa China, Qiao Weiyue, alijenga moja kwenye Mfereji Mkuu. Kabla yake majahazi ya nafaka yalikuwa yakiburutwa juu ya miteremko, yakapasuka, na wezi wakajichotea.

Kwenye mto Thames, Uingereza, loki za namna hii zilianza kujengwa karibu na Oxford katika miaka ya 1630. Kabla ya hapo palikuwa na mabwawa ya wenye vinu yaliyoachiwa upenyo. Upenyo ukifunguliwa, boti ya kushuka ilirushwa na mkondo, ya kupanda ilivutwa kwa kamba, na mwenye kinu alilalamika kwamba maji yake yanaibwa. Leo kati ya Lechlade na Teddington kuna loki 44.

Sasa hesabu ya maji. Loki nyembamba ya mfereji hula zaidi ya lita laki moja kila inapojazwa, yaani ndoo 5,000 za lita 20. La kushangaza ni kwamba boti iwe nzito, iwe nyepesi, au isiwepo kabisa, maji ya kujazia ni yaleyale. Mtoni hasara haionekani, maji yangepita tu. Mfereji hutegemea mabwawa yaliyoko juu, na ukame ukiingia loki hufungwa. Panama, ambako meli hupandishwa mita 26 kwa mbinu hiihii, ukame wa 2023 ulilazimisha idadi ya meli ipunguzwe. Suez, njia ya meli zetu kwenda Ulaya, haina loki hata moja, kwa sababu bahari zake mbili zinakaribia kulingana.

Kushuka ndiko kwenye hatari. Chini ya mlango wa juu kuna kizingiti cha mawe kilichozama. Maji yakitolewa wakati tezi iko juu yake, nyuma ya boti hukalia jiwe na omo huzidi kushuka, mpaka maji yaingie ndani. Kwa hiyo pamechorwa alama nyeupe ukutani, na nyuma yote ya boti ikae mbele yake. Kamba nayo usiifunge. Izungushe kwenye nguzo, uishike mkononi na kuilegeza polepole, la sivyo boti itaning'inia.

Na ukifika ukakuta loki imejaa, nawe unatoka chini, tazama kwanza kama kuna boti inayokuja kutoka juu. Ikiwapo, ngoja ipite, maana ukizimwaga ndoo zile 5,000 mbele ya macho ya waliomo utasikia Kiingereza ambacho hukufundishwa shuleni. Handeli nayo ukishamaliza ichomoe, kwani ikiachwa na meno yakiteleza huzunguka na kuvunja mkono. Wengi huiangusha majini. Wazoefu hubeba sumaku kubwa yenye kamba ya kuivulia.